Baba Mkwe, Uliuliza Nitafanya Nini Jumanne

Mpendwa baba mkwe,

Nimekaa na mstari huu wa kwanza tangu asubuhi, mpaka chai imepoa na maziwa yameshika utando juu. Si kwamba sina la kusema. Kinachonishinda ni neno moja dogo, "wewe". Tangu mwanao Lusajo anioe sijawahi kukuita wewe. Sijawahi kukutazama usoni, sijawahi kukupa mkono, na jina lako halijawahi kunitoka mdomoni. Kwenu Wanyakyusa mkamwana na baba mkwe wake hawaonani wala hawasemeshani, na mimi miaka yote nimejitahidi kuishika heshima hiyo, hata pale iliponilazimu kujirusha nyuma ya migomba kama mwizi wa kuku. Leo nakuandikia barua. Na jambo lenyewe hata bado sijaligusa.

Nimetafuta njia nikaipata. Nimeifanya barua ya wazi. Nitaipiga picha ukurasa kwa ukurasa, nimtumie wifi yangu Atupele kwenye simu, naye akusomee kwa sauti hapo wodini huko Iringa, wagonjwa wa vitanda vya pembeni wasikie, na mtu mwingine yeyote anayetaka asome. Barua ya watu wote hakuna atakayesema ni mkamwana amemsemesha baba mkwe. Ni ujanja wako uleule wa mbwa, baba. Wote wanaosoma hapa leo ndio Jirani wetu, na naomba wasikasirike kufananishwa na mbwa, maana Jirani ni mbwa anayejiheshimu kuliko baadhi ya wanakwaya.

Jambo lenyewe unalijua. Kesho Jumapili napiga kinanda kanisani, ibada nzima, kwa mara ya kwanza. Keshokutwa wewe unaingizwa chumba cha upasuaji kutolewa rovu lililokukaba shingo. Sijui lipi kati ya hayo mawili linanitoa jasho zaidi. Nikikaa kwenye kinanda nakuwaza wewe, nikikuwaza wewe vidole vinaanza kutafuta kinanda juu ya meza. Asubuhi hii nimetia chumvi kwenye uji mara ya pili, Lusajo akaunywa bila kusema neno, na mtu akinywa uji wa namna hiyo kimya ujue anakuonea huruma.

Unaikumbuka siku nilipoletwa kwenu? Mimi Mhehe wa Ilula, nimelelewa kwenye mashamba ya nyanya na kufundishwa kwamba mtu mzima hapitwi bila salamu. Nikashuka garini na kitenge changu kipya, nikakuona umesimama uani umevaa kofia yako ya kijivu, nikajua huyu ndiye baba. Hakuna aliyekuwa ameniambia kitu. Nikatembea moja kwa moja mpaka mbele yako, nikapiga goti, nikanyoosha mikono yote miwili, nikasema kwa sauti ya kanisani, "Kamwene, baba!" Wanawake jikoni wakapiga yowe kama wameona nyoka. Wewe ukageuka ukaingia kwenye mahindi, na hukutoka humo mpaka chakula kilipoiva.

Nililia siku ile. Niliona ndoa yangu imekufa kabla sijafungua begi. Mama mkwe akaja akakaa nami kitandani, akanifuta machozi kwa khanga yake. "Usilie mwanangu," akasema. "Baba yako amekimbia kwa heshima. Ni wewe uliyetakiwa kukimbia kwanza."

Basi nikajifunza kukimbia. Nikakijua kikohozi chako, kile kifupi kikavu ulichokitoa ukiwa bado kwenye kona ya zizi, ili nipate muda wa kupotea. Nilikimbia nikiwa na mwiko mkononi. Nilikimbia nikaacha maharage yakaungua. Siku moja ulikohoa nikiwa nimeshavaa nguo za kanisani, nikaingia kwenye banda la kuku, nikatoka humo na manyoya kichwani. Wewe ulipita taratibu ukiangalia mbingu, kama mtu anayekagua mawingu. Najua uliniona. Mabega yako yalikuwa yanacheka.

Halafu ukaja ujanja wa mbwa. Jiko langu na chumba chako vilitenganishwa na ukuta mmoja wa tofali za kuchoma, na kwa nje pale Jirani alipenda kulala kwa sababu ya joto la jiko. Jioni moja nikasikia sauti yako upande wa pili. "Jirani, hebu mwambie mtu wa nyumba ile mvua inashuka mlimani, nguo zake ziko kambani." Nikasimama nimeduwaa na sufuria. Nikatoka mbio nikaanua nguo, nikarudi, nikafikiri, nikasema kwa woga, kwa asante ya kwenu niliyokuwa nimejifunza, "Jirani, mwambie mzee ndaga fijo." Maskini mbwa aliangalia ukuta, akaniangalia mimi mlangoni, akaangalia tena ukuta. Tangu jioni ile tuliongea kila siku, na hakuna aliyeweza kutulaumu.

Nataka kukukumbusha zile siku za mwaka mpya, kwa sababu ndiko balaa hili la kesho lilikoanzia. Tukitoka ibada ya asubuhi ulikaa barazani na koti lako, wanao na wajukuu wakikuzunguka, kila mmoja akataja jambo moja atakalolifanya mwaka huo. Jambo moja tu. Mtu akianza kusema anataka kuwa tajiri, au kuwa mtu mwema, ulimkatiza. "Sitaki kusikia unataka kuwa nani. Niambie utafanya nini siku ya Jumanne." Lusajo aliwahi kukuuliza kwa nini Jumanne. Ulimjibu, "Jumapili kila mtu ana malengo. Jumatatu bado anaona aibu ya maneno ya Jumapili. Mtu utamjua Jumanne."

Mimi nilikuwa ndani, nyuma ya pazia la dirisha. Mwaka wa kwanza zamu yangu ilipofika nikasema, "Jirani, mwambie mzee nataka maisha mazuri." Nawe ukasema kwa upole kabisa, "Jirani, hilo hata wewe unalitaka, na kutwa umelala." Watu walicheka mpaka kuku wakatawanyika. Nilitaka ardhi ipasuke. Lakini nilipobaki peke yangu jikoni nami nilicheka, maana ulisema kweli. Nilikuwa nimetaja kitu ambacho hakinidai chochote.

Na mimi, baba, historia yangu unaijua. Kulikuwa na mashine ya kufumia masweta ya shule, kwa sababu ya baridi yenu hii ya Mbeya, na mpaka leo kuna mkono mmoja wa sweta unaning'inia stoo bila mwili. Kulikuwa na kuku wa mayai. Kulikuwa na masomo ya Kiingereza mjini, ambayo niliyafuata mpaka kwenye rangi na siku za wiki, basi. Kila kitu nilikianza kwa shangwe na kila kitu nilikiacha bila kuaga. Lusajo alinibatiza Bingwa wa Wiki ya Kwanza, na mimi nikajifanya kucheka, lakini jina lile lilinichoma. Nilianza kuogopa kutaka kitu, kwa sababu nilijua mwisho wake nitakuwa na aibu nyingine ya kuficha stoo.

Ndiyo maana mwaka uliofuata nilishangaa kujisikia nikisema, nyuma ya pazia lilelile, "Jirani, mwambie mzee nataka kupiga kinanda kanisani." Sikuwa nimepanga. Sikuwa nimemwambia hata Lusajo. Nilikuwa nimekaa na jambo hilo tangu utoto, tangu kanisani kwetu Ilula, nilipokuwa nasimama karibu na kinanda mpaka nafukuzwa. Kwetu watu waligombana wiki nzima, mipaka ya mashamba, maji ya kumwagilia, nani kamrukia nani foleni ya kisimani. Jumapili kinanda kikianza, wote walewale wanafungua midomo na kuimba kitu kimoja. Niliona mtu aliyekaa pale ana kazi nzuri kuliko zote duniani. Sikuwahi kuisahau, nilikuwa naona tu si ya mtu kama mimi.

Barazani hakuna aliyecheka. Ukauliza, "Jirani, muulize. Jumanne?"

Nikafikiri haraka. "Jumanne nikishaosha vyombo vya mchana nitakaa kwenye kinanda mpaka ng'ombe warudi."

"Ndaga," ukasema. "Sasa hilo ni lengo."

Mwalimu wa kwaya akanikopesha kile kinanda cha zamani kilichokuwa kimetupwa nyuma ya vestri, kile chumba anachovalia mchungaji. Kilikuwa na vumbi la miaka, na kibonyezo kimoja cheupe cha katikati kilikuwa kimekufa, ukikigonga kinatoa sauti ya kidole tu. Umeme ukikatika nilichora vibonyezo kwa chaki juu ya meza ya kulia, nikagonga meza huku naimba do re mi kwa mdomo. Jirani mwenyewe aliondoka siku za mwanzo, akaenda kulala kwa watu wengine.

Wewe hukuondoka. Jumanne ya kwanza kabisa nilisikia unaburuta kigoda chako mpaka kwenye ukuta, kisha mahindi yakaanza kudondoka kwenye ungo. Ulikuwa unapukuchua. Nikapiga ule wimbo wa mavuno, polepole kama mtu anayevuka mto kwa kupapasa mawe. Nikafika kwenye pengo, nikalivuka, nikaendelea. Ukasema, "Jirani, mtu huyo anaruka hapo katikati." Nikajibu, "Jirani, mwambie mzee siruki. Kibonyezo kimekufa." Mahindi yakanyamaza. Nikaanza tena. Nilipofika penye pengo, kutoka upande wa pili wa ukuta ikatoka sauti yako, nene, imenyooka, ikaishika ile nota iliyokosekana na kuivuta mpaka inayofuata.

Nilisimamisha mikono. Sikujua kama una sauti ile. Nilikuwa naijua sauti ya kuagiza kuni na sauti ya kukohoa. Nilibaki nimekaa, macho yananijaa maji, mpaka uliponigombeza. "Jirani, mwambie aendelee. Mimi sina siku nzima."

Hivyo ndivyo nilivyojifunza, baba. Kinanda kikawa na vibonyezo vyake vyote, kimoja kikiwa upande wako wa ukuta. Na kila Jumanne, kabla sijagusa chochote, swali lilikuwa lilelile. "Jirani, mtu huyo amefika wapi?" Kuna Jumanne nilitamani mafua yanikamate ili nisilisikie. Kuna Jumanne nilikuwa sijafika popote, na nilikuambia hivyo, nawe ulisema tu, "Haya, aanzie hapohapo." Na kuna ile Jumanne ya baridi kali, ukungu umeziba mpaka barabara ya malori kule chini haionekani, vidole havikunjiki, nikafunika kinanda na kusema, "Jirani, mwambie mzee nimechoka. Vidole vyangu ni vya jembe, si vya kinanda." Ukajibu bila hasira, "Mwambie na mimi nimechoka. Jumanne ijayo tutakuwa tumechoka vilevile, ila yeye atakuwa anajua ubeti mmoja zaidi." Nikafunua kinanda.

Kuna kitu ambacho sikukijua mpaka mwezi uliopita.

Kanisa letu kinanda kimewekwa mbele, pembeni ya madhabahu, na anayekipiga anatazamana na watu. Na wewe ulikuwa mzee wa kanisa, kiti chako ni benchi la mbele, tangu Lusajo akiwa mtoto. Mimi katika hesabu zangu zote za nota na vidole sikuwahi kuwaza hilo. Wewe uliwaza. Nilichokiona ni kwamba Jumapili moja ulihama. Ukaenda kukaa benchi la mwisho kabisa, nyuma ya nguzo, karibu na mlango, mahali wanapokaa kina mama wenye watoto wanaolia. Watu wakasema yao. Wengine walisema umegombana na mchungaji. Wengine walisema umetengwa kwa sababu ya pombe, wewe usiyekunywa hata togwa iliyolala. Lusajo alikuuliza ukamwambia, "Mlangoni kuna hewa." Nami nikaamini, kwa sababu rovu lilikuwa limeanza kukukaba na nilisikia unavyopumua ukipanda mlima.

Siku Atupele alipokuja kukuchukua, mama alikuwa anakunja koti lako jikoni kwangu. Akasema kama mtu anayezungumzia bei ya viazi, "Benchi lake sasa litakaliwa na nani pale nyuma? Alihama kwa ajili yako, hukujua? Tangu Jumapili ile ya kwanza baada ya wewe kusema kinanda. Alisema hajui utakuwa tayari lini, asije akawa amekaa mbele siku hiyo ukashindwa kupanda."

Nilikaa chini kwenye gunia la mkaa, na nguo nyeupe. Jumapili ile ya kwanza mimi bado nilikuwa sijui kuvuka ubeti wa kwanza bila kukosea. Nilikuwa bado Bingwa wa Wiki ya Kwanza kwa kila mtu, hata kwangu mwenyewe. Wewe ulikuwa umeshahama. Umekaa nyuma ya nguzo Jumapili baada ya Jumapili, watoto wanakulilia masikioni, watu wanakusengenya, unamsubiri mtu ambaye alipoulizwa na mwalimu wa kwaya alijibu kila mara "bado kidogo". Nakupenda, baba. Nimeliandika na sitalifuta. Kama ni kuvunja mila, basi watu wote wamesikia pamoja nawe na lawama tutagawana.

Sasa mwalimu wa kwaya amehamia Chunya kikazi, kanisa limebaki na kinanda bila mpigaji, na mchungaji alipokuja kuniomba nilikubali kabla akili haijafika. Ilikuwa Jumanne, nadhani ndiyo sababu. Tangu siku hiyo silali vizuri. Kinanda cha kanisani kina vibonyezo vyote vizima. Juzi kwenye mazoezi nilifika mahali pale petu, nikagonga, nota ikalia yenyewe, safi kabisa, nami nikashtuka kama nimeguswa na mtu mgeni. Nikapotea. Kwaya ikaendelea bila mimi, sauti ya pili wakaangua kicheko. Nimezoea kukusikia wewe hapo, baba. Naogopa kesho nitafika palepale, kanisa limejaa, na mikono itasimama kukusubiri.

Nyumbani nako ni taabu. Jumanne iliyopita Jirani alikuja kulala kwenye ukuta, akainua masikio, akasubiri. Hakuna aliyeburuta kigoda. Nilipiga wimbo mpaka kwenye pengo, pengo likabaki pengo. Nikajaribu kuliimba mwenyewe, sauti ikakwaruza, mbwa akaniangalia kwa namna ambayo ningekuwa na mawe ningempiga.

Na naogopa Jumatatu kuliko Jumapili. Nisizunguke. Atupele ni muuguzi na anajua kusema mambo kwa utaratibu, lakini nilimbana kwenye simu mpaka akanieleza daktari alivyosema, kwamba rovu limeshuka limekaa vibaya, kwamba upasuaji wenyewe wanaufanya mara kwa mara, lakini sauti inaweza kubadilika, au kupungua, au isirudi kama ilivyokuwa. Amesema ndiyo maana wamekukataza kuongea sana. Nilikata simu nikaenda kukaa kwenye kigoda chako, upande wako wa ukuta. Sijawahi kukaa pale. Kumbe kutoka huko kinanda kinasikika vizuri kweli, hata makosa.

Alhamisi nilitoa begi uvunguni. Nikaanza kupanga nguo za kuja Iringa. Niliona nimepata jibu: baba mkwe wangu anapasuliwa, ni nani atakayeniuliza kuhusu kinanda? Mchungaji angenibariki, kina mama wangenichangia nauli, watu wangesema mkamwana mwenye moyo ni yule. Ningefika hapo hospitali, na kwa kuwa siruhusiwi kukuona, ningekaa nje kwenye majani na thermos ya uji, siku zote, nikionekana mwema. Nilikuwa nimeshafunga zipu simu ilipolia.

"Wifi," Atupele akasema, "baba anaongea na dripu."

"Anaongea na nini?"

"Na dripu. Kwa kuwa mbwa hayupo. Kanyanyua mkono anaielekeza kabisa. Ati, dripu, mwambie mtu wa nyumba ile asije akajificha huku."

Nilikasirika, baba. Nilikasirika mpaka nikaitupa simu kitandani. Ulijuaje? Umelala huko Iringa na sindano mkononi, sauti wamekukataza, na hiyo kidogo uliyobakiwa nayo umeitumia kunitoa kwenye begi. Nikafungua zipu, nikarudisha nguo moja moja. Nilizikunja vibaya makusudi.

Kwa hiyo nabaki. Sijui kama nitaweza, ninachojua ni kwamba kesho nitakuwa nimekaa pale. Hiyo ndiyo habari yote ninayoweza kukupa ukiuliza nimefika wapi. Nimefika kwenye kiti. Vidole vimelowa jasho, na ule mkono wa sweta stoo nauona kila nikifumba macho, lakini nimefika kwenye kiti na simwoni mtu wa kunitoa.

Nimekaa nikawaza mambo ninayoyajua kwako. Naijua kofia yako kwa nyuma. Nazijua buti zako na namna unavyozikung'uta matope kwenye jiwe. Najua mabega yako yakicheka. Uso wako siujui vizuri mpaka leo, nilikuona mara ile moja tu nilipopiga goti, na hofu ya ugeni ilinifanya nitazame zaidi mikono. Nilichokuwa nacho kwa uhakika ni sauti yako. Mkamwana mwingine angekosa vingi baba mkwe akipoteza sauti, mimi nitakosa karibu kila kitu. Basi, sitaendelea na hilo, wino wenyewe unaanza kuchafuka.

Sikiliza sasa mpango wetu wa kesho. Kanisani kwetu mtandao unashika sehemu moja tu, unajua ni wapi? Kule nyuma mlangoni, kwenye nguzo. Mahali pako. Lusajo atakaa hapo na simu, ameshaiomba nafasi kwa kina mama wenye watoto. Atupele atakuwekea simu yake sikioni. Mama, aliye nawe huko, atakushika mkono. Mtandao ukikatika Lusajo atapiga tena, na ukikatika tena atapiga tena, nimemwapisha.

Usiimbe. Najua utataka, ukifika mahali petu utavuta pumzi kama kawaida yako, nakuomba usiimbe. Itunze hiyo sauti iingie na wewe Jumatatu, itoke na wewe. Nitajitahidi ile nota niigonge mwenyewe bila kushtuka. Na Jumatatu ikishapita, Jumanne nikishaosha vyombo vya mchana nitakaa kwenye kinanda kibovu cha nyumbani mpaka ng'ombe warudi, na simu itakuwa kwenye ukuta, imepigwa kwako. Hata kama huwezi kuongea, Jirani na mimi tutajua umeuliza.

Ila kesho nakuomba kitu kimoja, na ndicho nilichokaa tangu asubuhi nikitafuta namna ya kukuomba. Kabla sijaanza, mchungaji atakaa, kanisa litanyamaza, wote watanigeukia. Hapo Lusajo atanyanyua simu na kuweka spika. Usiseme neno, daktari amekataza maneno. Kohoa tu, baba. Kile kifupi cha kona ya zizi. Tangu nije kwenu nimekisikia na kukimbia, na kesho miguu itataka kukimbia tena, najua. Wewe kohoa hivyo hivyo. Nitabaki nimekaa.

Lala salama, baba, na unisalimie dripu.

Mkamwana wako,
mtu wa nyumba ile